Miezi 14 sijashiriki Meza ya Bwana, naomba mnisaidie kufikiri

Mjukuu wa Kibanja
Jumanne, saa 5:40 usiku

Bwana Yesu asifiwe wapendwa.

Naandika usiku huu kwa sababu ndiyo saa pekee ambayo mama amelala na mimi sijalala. Mtanisamehe nikirefusha.

Mimi ni mwanamke wa miaka 52, Mlutheri wa kuzaliwa, naishi Kamachumu, wilaya ya Muleba. Hadi mwaka 2019 nilikuwa Mwanza nauza vitenge sokoni. Mwezi wa tatu mwaka huo mama aliingia kibanjani kupunguza majani ya migomba, hakutoka. Jirani ndiye aliyemkuta amelala chini, mdomo umepinda, panga bado liko mkononi. Kiharusi. Upande wa kulia wote ukafa, na maneno yakaondoka. Kaka yetu yuko Dar es Salaam, mdogo wetu wa kike ameolewa Karagwe na ana watoto wadogo, mimi ndiye nisiyekuwa na mume wa kuomba ruhusa. Nikamkabidhi mwenzangu meza yangu sokoni, nikamwambia nisubiri miezi mitatu. Huu ni mwaka wa saba.

Lazima niwaeleze mama ni mtu gani, vinginevyo swali langu halitaeleweka. Mama ni mlokole wa zamani, wale wa Uamsho. Wazee wetu wanasimulia jinsi moto ule ulivyotoka Gahini kule Rwanda miaka ya 1930, ukapita Uganda, ukashuka kwetu Bukoba. Mama aliokoka mwaka 1963 akiwa na miaka 18. Kabla ya hapo alikuwa amefanya kazi za ndani kwa mmisionari mmoja Mswidi, na alipoacha kazi aliondoka na vijiko viwili vya chai. Alipookoka akavifunga kwenye kitambaa, akatembea navyo nusu siku, akamrudishia mwenyewe mbele ya wageni waliokuwa wanakunywa chai. Mmisionari, kwa jinsi mama alivyosimulia, alikuwa hajui hata kama vimepungua. Hadithi hiyo nimeisikia mara mia. Nyumbani kwetu mtoto akikosa hakuambiwa "tubu", aliambiwa "rudisha kijiko". Walokole wale hawakuungama dhambi kwa jumla jumla, waliitaja kwa jina lake na kwa idadi yake.

Sasa mama amebakiwa na "eee", na "hapana" ambayo huitumia hata pale anapotaka kusema ndiyo, na wimbo. Wimbo mnaujua, Tukutendereza, ule wa walokole wa kumsifu Yesu. Kuomba maji hawezi. Jina langu hawezi kulitaja. Lakini mwanzishie wimbo ule, ataimba pambio lote kwa Kiganda, kila neno mahali pake, hadi mwisho.

Nije kwenye jambo lenyewe. Mwaka jana, siku moja ya Ijumaa, nilikuwa nimeamka mara tatu usiku. Asubuhi saa kumi na mbili nikaingia chumbani, nikaona amelowa hadi kwenye godoro. Wakati huohuo kaka akapiga simu kunieleza kwamba amesoma mahali, mgonjwa wa kiharusi aanikwe jua la asubuhi. Akanieleza kwa dakika kumi. Nilipokata simu sikurudi chumbani. Nilikwenda jikoni, nikawasha redio, nikachemsha chai, nikakaa. Nikamsikia mama anaimba. Nikaongeza sauti ya redio. Nilikaa hadi saa nne. Nilipokwenda kumbadilisha nilimgeuza kwa nguvu kama mtu anayegeuza gunia, na hapo ndipo nilipoona ngozi ya kiunoni imeanza kuchubuka.

Jumapili ya keshokutwa yake ilikuwa ya Chakula cha Bwana. Tukaungama wote pamoja, kwamba tumekosa kwa mawazo, kwa maneno na kwa matendo. Niliyasema yote bila shida. Nawaambia ukweli, hayakunigusa hata ukucha. Ni maneno niliyoyasema tangu nina miaka 14, yanatoka yenyewe. Lakini watu walipoanza kusimama kwenda mbele, miguu yangu ilikataa. Nikabaki kwenye benchi, nikajifanya natafuta kitu mkobani. Tangu siku hiyo, kila Jumapili ya Meza nina sababu: mama amezidiwa, mtu wa kumwangalia hakuja. Imetimia miezi 14.

Maswali yangu sasa. Wanamaombi walikuja hapa nyumbani wakasema kitanda hiki kina dhambi iliyofichwa. Nilinyamaza, maana nilijua ipo na ni ya nani. Ila kiharusi kilikuja miaka mitano kabla ya redio. Basi mama alilipia nini? Aliyerudisha vijiko ndiye aliyelala, na mimi mwenye hili la redio natembea kwa miguu miwili. Mkinijibu kwamba sote hatustahili, mbona neno lenyewe linakuwa butu? Mama na mimi tunatoshana? Na lile la Mtume Paulo, "Neema yangu yakutosha", linamtosha nani humu ndani? Mama hata kusema kwamba inamtosha hawezi.

Naomba msiniambie tu "Mungu ni mwema".

Jeshi la Gideoni
Jumatano, saa 12:15 asubuhi

Shalom mpendwa. Pole sana. Lakini tusifichane, kiharusi cha namna hii si ugonjwa wa kawaida, kuna mlango uliachwa wazi kwenye ukoo. Chunguzeni madhabahu za mababu. Funga siku 21, mama naye akiri uponyaji kwa kinywa chake kila asubuhi. Uzima na mauti huwa katika uwezo wa ulimi. Na wewe acha kujiita hustahili, wewe ni mwana wa Mfalme. Kujishusha ni roho ya umaskini.

Nesi wa Zamu ya Usiku
Jumatano, saa 2:50 asubuhi

Gideoni ndugu yangu, mgonjwa hana usemi. Akiri kwa kinywa kipi?

Dada wa Kibanja, mimi si mtaalamu wa teolojia, nimetoka zamu sasa hivi na macho yanauma. Nitasema ninayoyajua.

Kwanza kiharusi. Ni mshipa wa damu wa ubongo umeziba au umepasuka, na mara nyingi nyuma yake kuna presha ya muda mrefu ambayo haikuwa inatibiwa. Kwa watu wengi lugha inakaa upande wa kushoto wa ubongo, ndiyo maana aliyepooza mkono na mguu wa kulia mara nyingi anapoteza na maneno. Lakini nyimbo na sala alizozishika tangu ujana zinaweza kubaki nzima, hata pale ambapo neno "maji" limepotea. Nimemwona mzee asiyeweza kutaja jina la mkewe anasali Baba Yetu yote. Kwa hiyo usishangae, na pia usijenge fundisho kubwa juu yake.

Pili, kidonda. Hujasema kiko vipi sasa. Mgeuze kila baada ya saa mbili mchana, usiku jitahidi. Angalia kiuno, visigino, nyonga. Usimburute kwenye shuka, mwinue. Shuka iliyokunjamana inachubua kama mkojo unavyochubua. Na wakati wa kula au kunywa mkalishe wima kabisa. Wengi wao maji membamba yanawapalia, uji mzito kidogo unapita vizuri zaidi.

Tatu, wewe. Kuamka mara tatu kila usiku kwa mwaka wa saba, bila zamu ya kupokewa. Kazini kwetu mtu akifanya hivyo wiki moja tunamwandikia likizo. Sisemi ulichofanya ni sawa. Saa nne nzima kwenye mkojo si sawa, na unajua. Ninachosema ni kwamba ukienda kuungama, ungama ulichokifanya, usiungame na uchovu. Uchovu si dhambi. Kaka yako aje akae wiki mbili, aanike yeye hilo jua la asubuhi.

Kuna kitu umekiandika ukakipita haraka. Umesema alikuwa anaimba. Dada, alikuwa anakuita. Ndicho alichonacho cha kuitia.

Mjukuu wa Kibanja
Jumatano, saa 7:20 mchana

Nesi, asante. Nilijua kwamba ananiita. Ndiyo maana niliongeza sauti.

Katekista Mstaafu
Jumatano, saa 1:05 usiku

Binti yangu, Tumsifu Yesu Kristo.

Mimi ni Mkatoliki wa Sumbawanga, nimefundisha ukatekista miaka 38, sasa nafuga kuku. Hayo ya kwenu ya Kilutheri sitayaingilia, mchungaji wako yupo. Nitakueleza sentensi moja tu, kwa sababu nimeisema maelfu ya mara na sikuielewa hadi nilipozeeka.

Kwetu, padre anapoinua Mwili wa Kristo kabla ya komunyo, sote tunajibu: "Ee Bwana, sistahili uingie kwangu, lakini sema neno tu na roho yangu itapona." Kisha tunainuka tunakwenda mbele. Tazama mpangilio huo. Hatusemi "sistahili" tukiwa tunarudi kwenye benchi. Tunaisema dakika moja kabla ya kupokea. Angekuwa anayestahili ndiye anayepokea, Kanisa lingetufundisha kusema jambo lingine pale.

Sasa fungua Mathayo sura ya 8, umtazame aliyeyasema maneno hayo mara ya kwanza. Ni akida wa Kirumi pale Kapernaumu, mtu wa jeshi lililokuwa limeikalia nchi. Alikwenda kwa Bwana kwa shida gani? "Mtumishi wangu amelala nyumbani, mgonjwa wa kupooza, anaumwa sana." Binti yangu, ni mtu mwenye mgonjwa wa kupooza nyumbani. Sisi tumeichukua sentensi yake tukaivalisha kanzu, tukaiweka katikati ya misa, tukasahau kwamba ilitoka kwa mtu aliyeacha kitanda chenye mgonjwa akaja barabarani kuomba. Hakusema "sistahili" ili aondoke. Aliisema akiwa bado anaomba, na akaendelea kuomba.

Luka anaongeza kitu cha kuchekesha. Wazee wa Wayahudi ndio waliotangulia kumwombea, nao wakasema huyu amestahili, kwani alitujengea sinagogi. Wao wanasema anastahili, mwenyewe anasema hastahili. Mimi nimetafuta pale Bwana alipoamua nani kati yao yuko sahihi, sijapaona. Nimeona tu kwamba mgonjwa alipona.

Kuhusu wanamaombi wako: walipomletea Bwana habari za watu waliouawa, yeye mwenyewe aliwataja wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akauliza kama walikuwa wakosaji kuliko wote waliokaa Yerusalemu. Akajibu, la. Sitakudanganya, sentensi inayofuata hapo ni kali, inatuambia sote tutubu. Lakini toba hiyo wanaambiwa waliosimama wanasikiliza. Waliolala chini ya mnara hawakuhukumiwa.

Jambo la mwisho. Katika ungamo letu tunasema tumekosa kwa mawazo, kwa maneno, kwa vitendo, "na kwa kutotimiza wajibu". Hapo pa mwisho ndipo redio yako ilipo. Kwetu ningekuambia upitie kwanza kitubio, uitaje redio, useme saa ngapi hadi saa ngapi. Mama yako angeniunga mkono, naona alikuwa mtu wa vijiko.

Mjukuu wa Kibanja
Alhamisi, saa 5:10 usiku

Mzee, shikamoo. Nimeisoma Mathayo 8 mara tatu leo. Tangu Shule ya Jumapili namsikia akida huyu, na kila mara mahubiri ni juu ya imani yake kuu. Sikuwahi kuona kwamba mgonjwa alikuwa wa kupooza. Nilipofika hapo niliifunga Biblia nikatoka nje kidogo.

Lakini niruhusu nikubishie. Akida alikuwa na askari mia chini yake. Akimwambia huyu nenda, anakwenda. Wakati yeye yuko barabarani anaomba, kuna mtu aliyebaki ndani anamgeuza yule mgonjwa, anamfua mashuka. Huyo Biblia haikumtaja. Nimemfikiria siku nzima.

Na mgonjwa wake alipona saa ile ile. Wangu bado.

Mchungaji wa Mtaa
Ijumaa, saa 3:30 usiku

Dada, Bwana asifiwe. Mimi ni mchungaji wa Kilutheri kama wako, wa KKKT, si wa dayosisi yako, kwa hiyo siongei kwa niaba ya mchungaji wako. Nimechelewa kuandika kwa sababu swali lako la "tunatoshana?" lilinikalisha.

Nianze na hofu ya Meza, hilo ni jepesi kuliko mengine. Nadhani umebeba 1 Wakorintho 11, "isivyostahili". Ulifundishwa kipaimara kama sisi wote, ukaambiwa ukila isivyostahili unajilia hukumu. Soma mistari inayotangulia. Pale Korintho wenye uwezo waliwahi kufika, wakala, wakanywa. Maskini waliotoka kazini walikuta sahani tupu. "Huyu ana njaa, na huyu amelewa." Paulo anakemea namna ya kula, ule ubaya wa kumwacha mwenzako na njaa. Hasemi atafutwe mtu anayestahili. Na mstari wa 28 unasema mtu ajihoji mwenyewe, "na hivyo aule mkate". Hausemi ajihoji, kisha abaki nyumbani. Najua utaniambia kwamba na wewe ulimwacha mwenzako. Ndiyo. Kwa hiyo umeshajihoji, miezi 14 inatosha kwa mahojiano.

Kumbuka pia Katekisimo Ndogo, kile kijitabu cha mafundisho ya imani tulichokikariri kwa viboko. Luther alikiandika mwaka 1529, na kwenye Sakramenti ya Altare anauliza ni nani anayestahili. Anajibu kwamba kufunga na kujiandaa kimwili ni desturi njema ya nje, ila anayestahili kweli ni yule anayeyaamini maneno "kwa ajili yenu". Basi. Na alipofariki pale Eisleben mwezi Februari 1546, kilikutwa kikaratasi alichokiandika siku chache kabla. Mwisho wake unasema sisi ni ombaomba, hiyo ni kweli. Mtu aliyefundisha neema karibu miaka 30 alimaliza na mkono ulionyooshwa.

Sasa la kutoshana. Hapana, wewe na mama hamtoshani, ukinipimia maisha. Mama yako ana vijiko vilivyorudi, wewe una redio. Mtu akikuambia dhambi zote ni sawa kwa hiyo usijali, amekunyang'anya hata haki ya kuona aibu. Lakini mbele ya Meza hatupimi maisha. Yule mwenye mzigo mkubwa wa mema anauweka chini ili apate mkono wa kupokelea, mwenye mzigo wa mabaya naye hivyo hivyo. Mama yako alilijua hili. Asingetembea nusu siku na vijiko viwili vya chai kama angedhani anastahili tayari.

Halafu kuna jambo Katekisimo inalisema juu ya maungamo, wengi tunalipita. Inasema mbele za Mungu tuungame dhambi zote, hata tusizozijua. Mbele ya mchungaji tuungame zile tu tunazozijua na kuzisikia moyoni. Lile ungamo la Jumapili ni la aina ya kwanza, ndiyo maana halikukugusa, ni pana mno. Unahitaji lile la pili. Mtafute mchungaji wako, siyo baada ya ibada pale mlangoni ambapo watu wanasalimiana. Mwombe saa yake.

La "yakutosha" sina jibu linaloweza kukuridhisha saa tano usiku. Nitasema tu kwamba Paulo aliomba mara tatu mwiba uondoke, haukuondoka. Aliambiwa neno hilo mwiba ukiwa bado mwilini. Kwa hiyo si neno la aliyepona.

Jeshi la Gideoni
Ijumaa, saa 4:00 usiku

Mimi bado nasema afunge.

Nesi wa Zamu ya Usiku
Ijumaa, saa 4:20 usiku

Mtu anayelala saa tatu tu kwa usiku tayari amefunga.

Mjukuu wa Kibanja
Jumapili, wiki tatu baadaye, saa 4:45 usiku

Wapendwa, nimerudi. Niliogopa kuandika mapema nisije nikaonekana natoa ushuhuda. Huu si ushuhuda, ni taarifa.

Nilimwendea mchungaji wetu siku ya Jumatatu, ofisini, saa nane mchana. Nilianza kama kawaida yangu, nikasema mimi ni mkosaji, sistahili, nina mapungufu mengi. Akaniacha nikamaliza. Kisha akauliza, "Mama, ni nini hasa?" Nikakaa kimya muda mrefu. Wapendwa, niliona kitu kuhusu mimi mwenyewe hapo. Lile neno "sistahili" nilikuwa nimelifanya blanketi. Mtu akijifunika nalo anaonekana mnyenyekevu, na chini yake redio haionekani. Mtu yeyote anaweza kusema ni mkosaji, watu watamwonea huruma. Kusema "saa kumi na mbili hadi saa nne, nikamsikia, nikaongeza sauti", hapo hakuna anayekuonea huruma.

Nikasema. Na kile cha kumgeuza kama gunia nikasema. Na kingine ambacho sikuwaandikia hapa, na sitakiandika. Alinitamkia ondoleo la dhambi kwa kuniita kwa jina langu la ubatizo, ambalo huku nyumbani hakuna anayelitumia tena, maana aliyekuwa akiniita hivyo ni mama.

Alhamisi alikuja nyumbani na kile kimkoba chake. Nilimweleza aliyoyasema nesi kuhusu kupaliwa, kwa hiyo tulimkalisha mama wima kwa mito mitatu, na mchungaji akauchovya mkate kidogo tu kwenye divai badala ya kumpa kikombe. Mama alimeza vizuri. Mimi nilipokea baada yake. Sikusikia joto lolote, sikulia. Nilichosikia ni ladha ya divai na harufu ya ile dawa ya kidonda kwenye mikono yangu.

Mchungaji alipoondoka nikabaki na mama. Nikajiambia, kama ni kijiko, mwenye kijiko ni huyu, mmisionari hayupo hapa. Nikapiga magoti upande wake wa kushoto, ule unaosikia mguso, nikamweleza kwa Kihaya. Ile Ijumaa. Redio. Kwamba nilikuwa nasikia. Kwamba nilijua ananiita.

Mama alinitazama, akasema, "Hapana."

Sasa mnajua hapana yake. Inaweza kuwa ndiyo. Inaweza kuwa "usiseme hivyo". Inaweza kuwa hapana kweli. Akaisema mara mbili, na mkono wake wa kushoto ukanishika sikio, akalivuta kidogo kama alivyokuwa anatufanyia tukiwa wadogo tukikosa. Kisha akalala. Nimeligeuza hilo kichwani siku kumi sasa. Mdogo wangu wa Karagwe anasema kwa simu kwamba huo ni msamaha wazi kabisa. Yeye hakuwepo.

Kuhusu mateso yake bado sijajibiwa, na nimeona hapa hakuna anayeweza kunijibu, kwa hiyo sitawasumbua tena. Kila nikipita Mathayo 8 namsimamia yule asiyetajwa, aliyebaki ndani na mgonjwa.

Redio nimeihamishia chumbani kwake. Anapenda taarifa ya habari, sijui anaelewa nini.

Kaka anakuja Desemba. Nimemwambia tiketi ya kurudi aikate kwa baada ya wiki mbili, na kwamba godoro la mgeni liko chumbani kwa mama.

Katekista Mstaafu
Jumapili, saa 5:15 usiku

Marahaba, binti yangu. Kuvutwa sikio nimecheka peke yangu hapa, kuku wameamka.

Nesi wa Zamu ya Usiku
Jumatatu, saa 1:30 asubuhi

Kidonda je? Hujakitaja.

Mjukuu wa Kibanja
Jumatatu, saa 2:10 asubuhi

Kimepungua. Kimebaki ukubwa wa kifungo cha shati. Nimemgeuza sasa hivi.